Diski Yangu ya Kiuno, Daraja la Kwanza

Leo nimeaibika, na naandika mwenyewe kabla mkwe hajaisambaza habari.

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki nikaanza kubeba magunia ya watu hapa Nachingwea. Shule niliishia darasa la tatu. Mgongo ndio ulionilea.

Sasa mgongo huo umeanza kulalamika (mimi sijalalamika, ni wenyewe). Mke wangu, Mama Zuhura, akatoa sharti: nikapimwe. Nikionekana mbovu, kubeba basi, na ufunguo wa ghala letu la mazao apewe mkwe wetu Bakari wa Likunja. Nikakubali. Nilijua nashinda.

Picha ya mgongo nilipigwa Mtwara wiki iliyopita. Leo daktari wa hapa, binti mdogo tu, kaifungua kwenye kompyuta. Akanionyesha pingili za kiuno, na kati ya pingili hizo diski, vitu laini kama vijimto vya kulalia. Akawa anachora mistari, anapima kimo, upana, umbo, moja baada ya nyingine. Alipofika ya chini kabisa akasita.

"Babu, hii ni pana kuliko nyingine. Imetokeza mpaka nje."

Mimi mtu wa korosho. Kwetu punje kubwa ndiyo daraja la kwanza. Nikashukuru, nikanyanyuka. Akaniita nikae, bado anaeleza. Nikamwambia inatosha, nimeelewa. (Sikuelewa.)

Nje walikuwepo Mama Zuhura, Bakari na foleni nzima ya wagonjwa. Nikawatangazia kwamba diski yangu ni kubwa mpaka haienei ndani, na ufunguo hautoki kwangu. Wasije wakabisha, nikaenda kwenye pikipiki ya Bakari, aliyekuwa anapeleka ufuta ghalani. Nikainama, nikalikumbatia gunia.

Lo! Gunia halikunyanyuka. Na mimi sikunyanyuka. Nikabaki nimepinda kama natafuta sindano.

Daktari akatoka mbio. "Babu, huko kutokeza ndio ugonjwa wenyewe."

Foleni ikacheka mpaka mwenye kikohozi akasahau kukohoa.

Bakari akachuchumaa mbele yangu. "Panda, baba."

Mkwe! Kanibeba mgongoni, mzee mzima, miguu inaning'inia, tukapita mbele ya akina mama wauza mihogo. Wakamuuliza huyo mtoto anaumwa nini. Mama Zuhura nyuma kashika viatu vyangu, hoi kwa kicheko. Nikaingiza mkono mfukoni, nikamkabidhi Bakari ufunguo huko huko juu.

Basi leo ninamiliki nyumba ya bati, shamba la mikorosho Naipingo, ghala nisilolifungua, mbuzi saba, na mkanda wa kiuno alionipa daktari, wa kubandika na kubandua. Mwenye kucheka acheke kwao. Mimi nikicheka inauma.