Naomba Mninyang'anye Stika ya Maegesho

Kwa Bwana Mkuu wa Maegesho,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Mheshimiwa,

Natumaini hujambo, pamoja na vijana wako wanaofunga minyororo magurudumuni. Mimi ni fundi redio mwenye mguu mmoja, na gari langu lina mafuta na breki za kubonyeza kwa mkono. Mwaka jana ulinipa stika ya kuegesha kwenye nafasi za watu wenye ulemavu, mbele ya benki na soko. Nilishukuru sana. Sasa naomba uichukue, kwa sababu zifuatazo:

1. Imenizidishia ndugu. Zamani nilikuwa na dada mmoja na shemeji mmoja, nao tulikutana misibani. Siku hizi nina mabinamu ambao marehemu mama hakuwahi kunitajia. Wanapiga simu kuulizia hali ya mguu, na kabla sijauliza ni upi, wanataka kujua natoka saa ngapi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mjini ni pa kuegesha.

2. Tukifika, wao hushuka, mimi hubaki. Shemeji amegundua kwamba dereva akiwa ndani, askari wako hana neno hata tukikaa kutwa. Juzi nililinda kabichi, magodoro na bibi harusi aliyesubiri viatu. Nami nilikuwa na dawa zangu za kuchukua. Duka la dawa likafungwa huku nalitazama.

3. Binamu mmoja ameenda kuposa akajisifu kwamba ukoo wetu una nafasi yake mbele ya benki. Wakwe wakaja kuhakikisha. Nikaombwa nitembee kidogo waone kwamba stika si ya kughushi.

4. Shemeji ameanza kuchechemea, leo kulia, kesho kushoto. Askari wako akamshika mkono akamvusha barabara, mimi nikitafuta gongo langu la kutembelea chini ya kabichi.

5. Wamekaa kikao bila mimi, wakanipangia zamu. Dada alisikia kwamba asiye na miguu yote miwili hupewa nafasi pana zaidi, basi wananiuliza, kwa upole kabisa, kama huu uliobaki bado unanifaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ichukue stika, au uwape wao na mimi uniache. Nimechoka kuwa kibali chenye usukani. Nataka niende mjini kwa shida zangu, kama mtu yeyote.

Nisalimie karani wako, wafagiaji wote, na askari aliyemvusha shemeji. Mwambie mgonjwa anaendelea vizuri, anatembea.

Wako mwenye kuegeshwa,
Fundi Redio

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu gari liliharibika. Wiki nzima simu haikulia, na nyumba ilinielemea kuliko nilivyotegemea. Jana gari lilipopona, nilimpigia shemeji mimi mwenyewe. Sasa wako nje wanapiga honi, wapwa zangu wanagombea kiti cha pembeni yangu. Stika iache, tafadhali. Ila nafasi ile ya mbele ya soko ipanue kidogo, maana tunashuka watu wengi.