Kwa Mabibi Wapole, Kuhusu Mwanangu wa Getini

Doonside, Sydney
Septemba 2021

Waheshimiwa Mabibi wa Kisasi,
Ugiriki ya Kale.

YAH: UZEMBE KAZINI

Salamu kwanza. Binti yangu Belyse anasoma chuo kwa kompyuta, juu ya meza yangu ya kulia chakula, ndiko nilikopata habari zenu. Eti ninyi ni miungu watatu wa kike wenye mabawa na nyoka kichwani, na mama akimlaani mwanawe, mnamfukuza huyo mtoto mpaka apate wazimu. Watu waliwaogopa hata kuwataja, wakawaita Wapole. Mimi nimemlaani mwanangu Fiacre tangu Julai na sijaona hata unyoya. Hilo jina la Wapole naanza kuliamini.

1. Fiacre analea wazee wa watu kule Lidcombe. Anawaogesha, anawalisha kwa kijiko. Mama yake analetewa unga kama barua: anauweka mlangoni, anabonyeza kengele, anakimbilia getini, anapunga mkono. Nilimbeba mgongoni kutoka Burundi mpaka kambini Kibondo. Leo nikimpikia dagaa, ananiambia niwaache kwenye ngazi, kana kwamba nampikia paka.

2. Sisi serikali imetufungia, mwisho wa kutembea kilomita tano kutoka nyumbani. Ninyi mna mabawa. Polisi gani atawasimamisha huko juu?

3. Concilie wa kwaya hana bawa wala nyoka, ana simu tu, na kosa la mtu analifikisha Perth kabla chai haijapoa. Ninyi, miungu wazima, mtaa wa pili tu anakokaa Fiacre unawashinda.

4. Kwa hiyo naomba mfike wiki hii, mmevaa barakoa, na kila nyoka na yake. Wazimu msimpe, anao tayari. Mnyimeni usingizi mpaka aingie ndani, akae, ale, aniangalie usoni. Mkishindwa nitawashtaki kwa mwenzenu Nemesi, anayeshusha wenye majivuno, na aanze na ninyi.

Wasalimieni nyoka wote na wakubwa wa huko kuzimu. Belyse anawasalimu, ingawa anasema hamjui Kiswahili. Hiyo ni shida yenu.

Ni mimi, mama mwenye haki yake,
Emerance Ninahazwe

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, Fiacre amepiga simu. Wazee wake kule kazini wamepata korona, na yeye imempata. Anakohoa mpaka maneno hayamaliziki. Anasema ndiyo maana alikuwa akikimbilia getini, asije akaniletea. Jamani, kama mmeshatoka huko, rudini. Kama mmefika, msiende kwake, njooni kwangu. Aliyewaita ni mimi, na dagaa wapo. Yeye mwacheni apone, aje tena asimame pale getini, anipungie mkono.