Uzinduzi wa Mashine ya Kuchoma Uvimbe, Chilonwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa udhuru wa aliyealikwa ni mimi mwenyewe, Katibu wa Kamati ya Kupokea Teknolojia za Kisasa. Waheshimiwa wa meza kuu na nyinyi mlioketi karibu nayo. Masheikh, wachungaji, wafugaji, akina mama mliotoka Kibakwe kwa miguu. Na wewe Bi Sikudhani, mgonjwa wetu wa kwanza, uliyelala kitandani hapa jukwaani bila kula tangu jana ili uvimbe wa ini lako uchomwe leo: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Katika zama hizi za soko huria, ambapo hata sabuni tunachagua kwa harufu, Kamati yangu imeona haiwezekani ini la mwananchi libaki nyuma. (Vigelegele.) Baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi saba, na ziara yangu ya mafunzo ughaibuni, sasa tumo kwenye feizi ya utekelezaji. Chini ya kanga hii kuna ultrasaundi! Daktari anaingiza sindano ya moto kwenye uvimbe, huku kioo kikimwonyesha, kwa njia ya monitaringi ya picha, nyama ipi imeiva na ipi bado mbichi. Palipopata moto panatoa viputo na kung'aa, na kompyuta inalinganisha picha ya mwanzo na ya sasa ili daktari ajue pa kukomea. Ufanisi ni asilimia mia moja na nne. (Mzee Mazengo, mfugaji: "Mheshimiwa, mbona sisi ng'ombe tunampiga chapa ya moto bila picha?")

Shikamoo mzee wangu, swali zuri sana. Ng'ombe unamchoma ngozi, unaiona. Ini liko gizani. Usipoliona utaunguza na pazima. (Makofi. Bi Sikudhani anainua kichwa: "Sasa mwanangu, daktari yuko wapi?") Mama, tulia, wapiga picha hawajamaliza, na ukiamka takwimu zitayumba. Mimi binafsi, bila kujisifu, ndiye niliyechagua rangi ya utepe.

Uvimbe! (Uchomwe!) Picha! (Ing'ae!) Kamati! (Kikohozi.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Khalidi wa banda la video kwa kutuazima televisheni yake, ambayo lazima irudi kabla ya picha ya jioni. Namshukuru Yoramu seremala aliyetuchongea sindano. Namshukuru daktari, ambaye atatafutwa pindi mashine yenyewe itakapopata mfadhili. Na shukrani za pekee kwa Bi Sikudhani kwa kulala vizuri. Jina lako tumeshaliandika kwenye taarifa ya mwaka, safu ya waliopona.

(Bi Sikudhani anashuka kitandani polepole, mkono ubavuni. Anaivuta kanga iliyofunika televisheni, anajitanda. "Hii ni yangu," anasema. "Mliniambia mnaazima kufunikia dawa." Anaondoka.)

Mnaona? Anatembea mwenyewe! Makofi kwa mashine!