Mirija Mitatu na Pete ya Mama Mwenye Nyumba

Jumatatu, 3 Juni

Fundi cherehani amehama! Chumba cha mbele kiko wazi. Dirisha pana, mlango unatazama barabarani, mwanga wa asubuhi unaingia bure. Na mimi, mpiga picha mzima, nimebanwa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na choo. Wateja wangu wa picha za pasipoti wote wanatoka wamekunja pua. Chumba kile ni haki yangu.

Tatizo ni shemeji. Kaka yake Mama Watoto, naye mpiga picha, yuko ghorofani katika nyumba hii hii. Naye anakitaka.

Mama Mwenye Nyumba hakutaka kelele. Kavua pete yake ya ndoa, kasema marehemu mumewe alimpa ikiwa imechongwa ua dogo, na siku hizi macho yake hayalioni tena. Anataka picha ya ua hilo, kubwa kama kalenda. Atakayemletea iliyo bora siku ya Jumapili, chumba chake. Pete nikae nayo mimi kwanza, Jumamosi asubuhi nimpe shemeji.

Shemeji ana lenzi maalumu ya kupigia vitu vidogo. Aliuza pikipiki kuipata. Mimi nina akili.

Jumanne, 4 Juni

Kumbe akili inauzwa dukani! Inaitwa mirija ya kurefusha lenzi. Unaifunga kati ya kamera na lenzi, lenzi inasogea mbele, basi unaweza kukikaribia kitu mpaka umhesabu sisimizi nyusi.

Muuza kamera kanitolea seti mbili, kila moja ina mirija mitatu: mfupi, wa kati, mrefu. Ya kwanza ni chuma kitupu. Ya pili ina vidoti vya shaba, eti kamera na lenzi zipate kuzungumza. Kanisihi nichukue ya pili. Lenzi yangu ni ya umeme, kasema, bila vidoti sitaweza kubana wala kupanua tundu la kupitisha mwanga. Tena kwa pete mrija mfupi unatosha, nisije nikaunganisha yote.

Nikamtazama tu. Mfanyabiashara akikusihi, shika mfuko. Nikapima kwa mkono: ile ya chuma mizito, ile ya vidoti myepesi kama kopo tupu. Kitu kizito ndicho kitu! Nikachukua ya chuma.

Nje ya duka nikachungulia ndani. Hamna kioo! Hamna chochote! Kidole kimeingia huku kikatokea kule. Jamani, nimenunua tundu. Lakini tundu zito.

Jumatano, 5 Juni

Nimeunganisha yote mitatu. Kama mmoja ni mzuri, mitatu je?

Giza. Kamera inasema haina lenzi, nami naiona lenzi kwa macho yangu mawili. Nimewasha taa zote. Pete haionekani mpaka iguse kioo cha lenzi, na ikigusa kioo, lenzi yenyewe inaizibia mwanga. Nikijaribu kusogea, fokasi inakimbia. Nikipumua, inakimbia. Nimepiga picha nimebana pumzi hadi masikio yanalia.

Nikajipa moyo kwa punje ya mchele. Picha imetoka! Ncha moja tu inaonekana, kwingine kote ukungu, lakini imetoka. Nikamwita Mama Watoto kwa fahari. Kaitazama sana, kauliza huo mlima uko wapi. Nikamwambia ni mchele wake mwenyewe. Kasema basi leo tutakula milima. Nimecheka mpaka machozi. Siku njema, kwa jumla.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kaja kunisalimia. Eti kama nimekwama, ataniazima mirija yake yenye vidoti. Eti sisi ni ndugu, chumba ni chumba tu. Ahaa! Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa. Nimemshukuru kwa heshima zote, nikamsindikiza hadi kwenye ngazi.

Macho yake yalikuwa yanazungukazunguka. Hakika anaitafuta pete. Nikaanza kutafuta pa kuificha. Droo? Ataifungua. Chini ya godoro? Kila mwizi anaanzia hapo. Ndipo akili ikanijia. Mirija ni mitupu! Nikaitia pete ndani, nikaijaza pamba isicheze, nikafunga vifuniko huku na huku, nikaiweka rafuni. Nani atatafuta dhahabu ndani ya tundu?

Jioni mezani nimelalamika kidogo tu kuhusu mirija: imenizuga, haifai hata kupigia mswaki. Mama Watoto kanipakulia tena. Mke mwema.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Watoto ananipenda. Ndilo balaa lenyewe.

Nimerudi kutoka kupiga picha za mahafali, namkuta anatabasamu. Mezani mirija mipya, ya vidoti! Kasema nililalamika kwa huzuni, akaona aende dukani kubadilisha, akaongeza fedha zake za kibubu. Nikauliza ile ya zamani iko wapi. Dukani, kasema. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kulikuwa na kitu ndani. Kanitazama usoni. Kauliza kitu gani, kwa mfano? Nikasema hewa. Kasema hewa ilikuwemo.

Nikatoka mbio! Duka limefungwa. Jirani yake kaniambia muuza kamera amesafiri kumwoza binti yake, atarudi Jumatatu. Nimekaa kwenye ngazi za duka lile nikataka kulia, na nililia kidogo. Pete ya marehemu! Mjane wa watu kaniamini.

Kufika nyumbani, Mama Watoto kauliza pete iko salama? Nikasema salama salimini. Kasema haya, vizuri. Kaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 8 Juni

Asiye na hila ndiye anayekufa maji! Nimenyofoa pete moja ya pazia, ya shaba. Nimeisugua kwa majivu mpaka inameta. Nikampelekea fundi wa mihuri, yule anayechonga mihuri ya ofisi, anichongee ua. Kauliza ua gani. Nikasema ua la mapenzi. Kachonga waridi: petali tele, majani mawili, mpaka tone la umande!

Nikafunga mrija mfupi peke yake, ule wa vidoti. Nikabana tundu la lenzi. Lo! Picha kali kama wembe, kila mkwaruzo unasomeka. Nilijua toka mwanzo kwamba mirija ya vidoti ndiyo yenyewe.

Pete halisi nitaichukua dukani Jumatatu, nitamrudishia mwenyewe, hakuna atakayejua. Na ajabu ya maajabu: shemeji hakuja kudai zamu yake! Asubuhi kimya, mchana kimya. Amekata tamaa, maskini. Nimemwonea huruma.

Jumapili, 9 Juni

Sebuleni kwa Mama Mwenye Nyumba. Sisi watatu, na Mama Watoto aliyesema amekuja kutazama tu.

Picha yangu ilifunuliwa kwanza. Mama Mwenye Nyumba kavaa miwani, kaisogelea, kaisifu sana. Kisha kasema hii kazi ya fundi, na mume wake hakuwa fundi. Ua lile alilichonga mwenyewe, kwa msumari, kabla ya posa.

Shemeji akafunua yake. Ua dogo, limepinda. Petali nne upande mmoja, moja upande wa pili, na mkwaruzo mrefu mahali msumari ulipoteleza. Mama Mwenye Nyumba kaweka kidole kwenye mkwaruzo ule. Kasema hapo ndipo alipojikata, akamjia na kidole kimefungwa kitambaa, akaficha mkono nyuma. Akalia. Mimi nikalia kuliko yeye.

Kisha nikaiona pete kidoleni mwake! Shemeji kaeleza kwa upole. Alimsindikiza dada yake dukani, muuzaji akafungua vifuniko, pamba ikatoka, na pete ndani yake. Shemeji akaipiga picha, kisha akamrudishia mwenyewe. Wameinyamazia tangu Ijumaa, waone nitasema lini. Mama Watoto kauliza ile hewa nimeipata? Wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama Mwenye Nyumba kasema mtu mwenye vituko hivi hamfukuzi, anamfurahisha. Shemeji achukue chumba cha mbele, mimi nihamie cha ghorofani alichokiacha.

Nimemwomba radhi Mama Mwenye Nyumba. Nimemwomba Mama Watoto pia, mara nyingi zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimehama! Upepo, mwanga, choo kiko mbali. Ukilitazama jambo hili vizuri, nimeshinda. Na chumba cha mbele nitakipata kabla mwaka haujaisha, mpango ninao.

Nimepita dukani kununua stendi ya kamera. Muuza kamera, amerudi na furaha zake za harusi, kanisihi nichukue nzito. Eti sakafu za mbao za ghorofani hutikisika mtu akipita. Nikamtazama tu. Anadhani mimi ni wa jana? Funzo nimeshalipata: kizito si kitu. Nimechukua nyepesi, miguu yake kama ya korongo.

Kamera yangu iko juu yake sasa hivi, kando ya dirisha lililo wazi, imetulia tuli. Namsikia shemeji anapanda ngazi mbiombio kuja kunipongeza.