Chumba Nisichokitaka

Jumatatu, 6 Mei. Miezi tisa tangu niondoke kwetu.

Msiba! Mama Mlezi ametangaza kuwa kimepatikana chumba nyuma ya karakana ya seremala, mtaa wa pili. Nyumba yetu hii ni ya vijana tusio na pa kushika. Unakaa, unafundishwa kujitegemea, ukiiva unakabidhiwa ufunguo wa chumba chako. Jumamosi mmoja wetu atakuwa ameiva, akasema. Akaniangalia mimi!

Niishi peke yangu? Nyumbani tulilala wanne kitanda kimoja. Kabla ya kuletwa hapa nililala peke yangu kwenye jengo tulilokuwa tukijenga na vibarua wenzangu. Nikashikwa na homa, nikaweweseka, nikapona, na hakuna aliyejua kama niliugua. Sirudii. Hapa nikikohoa, mtu wa chumba cha pili anagonga ukuta na kunitukana. Raha iliyoje!

Mkakati: nionekane mbichi. Profesa, yule anayevaa fremu ya miwani isiyo na vioo, anakitaka chumba kwa udi na uvumba. Akichukue!

Jumanne, 7 Mei.

Zamu yangu ya kupika. Nimetoka kubeba zege, mgongo si wangu. Nikatia chumvi kwenye maharage, kiganja juu ya kiganja. Asiyejua chumvi hapewi jiko lake. Profesa akaja kuonja ili apate la kunicheka. Taulo lake la begani likagusa moto. Likawaka! Wote mayowe. Mimi kwa woga nikalivuta, nikalitosa ndani ya maharage, nikazima gesi, nikawafokea watoke nje.

Mama Mlezi akanishika bega. "Mwanangu, leo umesimama imara!"

Imara wapi? Maharage yakamwagwa. Hakuna hata mmoja aliyeonja chumvi yangu.

Jumatano, 8 Mei.

Kikao cha jioni. Kila mtu husimulia siku yake ilivyokwenda. Nikaamua kuwa bubu. Zamu ikanifikia, nikatazama sakafu. Mara yule binti tunayemwita Kivuli, ambaye tangu aje hajatamka zaidi ya shikamoo, akasema kama kaka anaogopa, basi ataanza yeye. Akaanza! Akaongea hadi chai ikapoa. Profesa akapangusa machozi, akajifanya fremu imemuumiza macho.

Mama Mlezi akanisifu kwa busara ya kuwapisha wenzangu. Busara! Nilikuwa natafuta pa kujificha.

Ijumaa, 10 Mei.

Kesho ndiyo kesho. Usingizi sina, chakula hakipiti. Nikajifungia stoo na Profesa nimpige msasa. Nikajifanya seremala mwenye chumba. Kifua mbele, nikamwambia, nitazame machoni, useme wewe ndiye mpangaji wangu. Akaviambia viatu vyangu. Rudia! Sauti! Mwisho akavua fremu, akaninong'oneza kwamba chumba hakitaki. Anaogopa. Anataka tu kuambiwa ameiva.

Nikamhurumia. Kisha nikakumbuka nafsi yangu. "Sasa nani ataenda, bwege wewe?"

Nikafungua mlango. Mama Mlezi huyu hapa, na ndoo ya kudekia, macho yanamlengalenga. Amesikia somo lote. Akasema mtu anayewatia wenzake moyo hivi hana la kufundishwa tena.

Kwisha habari yangu.

Jumamosi, 11 Mei.

Wamepiga makofi. Kivuli kanibebea godoro, Profesa kabeba ndoo, wakaondoka wakicheka. Nimebaki mimi, kitanda, dirisha na bomba linalodondosha maji. Nikafunga mlango. Nikafungua. Nikafunga. Moyo unadunda kama mashine ya kuchanganyia zege. Nikakohoa, kujaribu tu. Kimya. Nikakohoa tena.

Ukuta ukagongwa! Nikaingia chini ya kitanda.

Alikuwa seremala. "We kijana, unaumwa? Njoo unywe chai!"

Nikajibu kwamba nimelala. Mtu hatujuani, kikohozi changu kinamhusu nini? Jirani wa kumwogopa huyo.

Lakini sijaishiwa. Mama Mlezi alisema ufunguo ni huu mmoja tu. Ukipotea, hataniacha nje. Nitaupoteza kesho mchana. Kwa sasa nimeufunga kwa kamba shingoni, usije ukapotea kabla ya wakati wake.

Kesho jioni, kabla ya kikao, nitakuwa nimerudi.