Kipimo cha Bwawa na Machozi ya Mzee Luhaga

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Nimekabidhiwa mtambo! Mwekezaji aliyeinunua hoteli yetu kutoka serikalini ameleta mashine ya kuongoza maji ya bwawa la kuogelea. Ina kipimo chembamba cha kioo, kimechomekwa kwenye bomba. Kazi yake kuonja maji. Yakionekana yana magadi, mashine yenyewe inadondosha tindikali ya kuyapunguza. Meneja wetu, Mama Teodora, amesema kipimo kisafishwe kwa brashi laini, na kisikauke kamwe. Niliitikia. Ojwang wa pampu naye akaitikia, wala hakuulizwa. Huyu bwana anaitaka nafasi yangu.

Jumatano, 3 Septemba

Nilikwenda Buzuruga kwa Mzee Luhaga, baba yake Selina. Nikampa shikamoo. Marahaba yake ilitoka kwa shida. Akarudia yale yale: hampi binti yake mtu wa maneno mengi. Nilinyong'onyea. Selina ndiye kila kitu changu.

Mungu si Athumani. Mzee ameokoka karibuni, anabatizwa Jumapili pamoja na wenzake, lakini gugu maji limeziba ufuko wote wa ziwa. Hawana pa kuzamishwa. Nikamwambia maji ninayo mimi! Safi, tena yanapimwa na mashine. Akasema mambo yakienda sawa, nitume washenga. Mama Teodora naye amekubali, ila maji yakimdhuru mtu, nitafute kazi nyingine.

Ijumaa, 5 Septemba

Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Ningekiacha kipimo, Ojwang angekisafisha, kisha angejisifu kwa Mama Teodora. Nikakichomoa, nikaenda nacho nyumbani Mkuyuni. Nikakifuta, nikakifunga kwa pamba, nikakiweka juu ya kabati, mahali pakavu kabisa. Najua alichosema meneja. Lakini kitu cha thamani hakilazwi majini. Redio ya marehemu baba inaimba mpaka leo kwa sababu haijaguswa na tone.

Leo nimekirudisha. Mara mashine ikatangaza magadi yamezidi, ikaanza kudondosha tindikali. Haijapumzika hata kidogo. Bidii iliyoje! Ojwang akatumbukiza vikaratasi vyake vya kupimia, akasema maji yamekuwa makali kama ndimu, kipimo kimekauka na kufa, mashine inadanganywa. Nikamjibu kwamba siwezi kuacha kumsikiliza mwekezaji nikasikilize karatasi. Wivu mtupu.

Jumapili, 7 Septemba

Ubatizo. Kwaya iliimba, kanzu nyeupe zilijipanga ukingoni. Nikasimama mbele nimevaa tai.

Mama wa kwanza aliibuka analia. Nikadhani ni furaha. Wa pili alipiga yowe. Wa tatu alitoka akipapasa hewa, macho mekundu kama ya mbanika samaki. Ojwang alikuwa ananitazama tu. Kazi imekwenda. Selina amekwenda. Nikajificha nyuma ya pampu, nikamwomba Mungu, na mimi si mtu wa kusali.

Ndipo Mchungaji akapaza sauti kwamba tangu aanze utumishi hajaona toba ya namna hii! Wote wakaangua kilio. Mama Teodora akapiga magoti. Mzee Luhaga, ambaye hakutoa chozi hata wezi walipomwibia ng'ombe wote, alitoka majini akibubujikwa machozi, akanifuata nilikojificha, akanikumbatia na kanzu yake ikichuruzika. Akaniita mwanangu. Hakuna aliyeniita hivyo tangu baba afariki. Nililia kweli.

Jumatatu, 8 Septemba

Selina, aliyezamishwa jana pamoja na baba yake, amekuja, kope bado zimevimba. Ameniambia waziwazi kwamba machozi yale yaliletwa na maji, si toba, na kwamba baba yake alilala na kitambaa cha maji baridi usoni, akimshukuru Mungu. Anataka niungame kwa Mama Teodora, kisha nimwombe Ojwang tusaidiane. Akasema mwanaume anayekubali kosa ndiye anayemtaka. Nimemwahidi nitafikiri.

Nimefikiri. Nimwombe Ojwang? Ng'o!

Jioni Mzee Luhaga akatuma salamu. Washenga waje, milango iko wazi, lakini hawezi kupokea mkwe ambaye hajabatizwa. Nitazamishwa Jumapili. Nimependekeza ziwani, gugu maji si hoja. Amekataa. Anataka bwawa lile lile, kwa kuwa lina upako.

Jumamosi, 13 Septemba

Ni kesho. Mashine bado inadondosha. Asubuhi Ojwang alinifuata kwa upole, akasema stoo kuna kipimo kipya, na tukianza mapema tutamwaga maji na kujaza mengine kabla ya ibada. Alisema hatamwambia mtu. Nilikaribia kukubali. Kisha nikaona sura yake, imejaa huruma. Mtu akuhurumie halafu umpe na sifa! Nimekataa.

Nimepata njia yangu. Rubani wa ndege inayobeba minofu ya samaki, mgeni wetu, ameniazima miwani yake ya kuogelea, ile ya mpira inayobana kichwa. Mchungaji akiuliza, nitasema nimeandikiwa na daktari wa macho. Mzee Luhaga amefurahi mno. Ameomba aingie tena majini, anishike mkono nikizama. Nimemkaribisha. Miwani ni moja tu, lakini yeye amekwisha kuyazoea.