Bei ya Bunduki na Nyonga ya Babu

Kwa Bwana Hargett, Mthamini wa Bunduki za Zamani,
Meza ya Saba, Maonyesho ya Pickard, Arkansas.

Bwana, pokea salamu zangu. Mimi ni yule kijana wa kofia ya kahawia niliyesimama nyuma ya babu yangu, Orval Tackett, Jumamosi ile. Sikusema neno kwa sababu mbele za watu ulimi wangu hugoma. Shule niliacha darasa la nane, kwa hiyo makosa uyavumilie. Nakulalamikia, kwa heshima zote, kwamba umetuharibia babu.

Alikuletea shotigani yake ya Ubelgiji, ile yenye nundu, inayojipakia risasi yenyewe. Aliinunua mwaka 1957. Uliigeuzageuza, ukasema ni dola elfu moja mia nane kwa kuwa iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Ukaongeza: "Mzee, usiisugue, usiipake rangi, usibadilishe hata skrubu. Ukiweka kipuri kipya kimoja tu, nusu ya thamani imekwenda." Babu akavua kofia. Hata kanisani haivui upesi hivyo.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

1. Alhamisi hii babu alikuwa awekewe nyonga mpya. Amekataa. Daktari kampigia simu, babu kamjibu, "Mimi ni wa mwaka thelathini na tisa, vipuri vyote ni vya kiwandani. Hicho chuma chako kampe mtu wa bei rahisi."

2. Hagusi sabuni. Anasema madoa ya uzee ndiyo wanayotafuta wenye pesa. Bibi Verna amehamia kulala sebuleni.

3. Ulisema bunduki ikiwa na boksi lake la kwanza bei hupanda. Babu amepiga simu hospitali aliyozaliwa, kuuliza kama kile kikapu alicholazwa siku ya kwanza bado wanacho.

4. Ulisema jina likichongwa kwenye bunduki linashusha bei, isipokuwa mwenye jina awe maarufu. Babu ana tatuu ya VERNA begani tangu jeshini. Akamwuliza bibi, "Hivi wewe hujawahi kuwa maarufu hata kidogo?" Bibi akasema, "Subiri taarifa ya habari ya jioni, Orval. Nitakuwemo, na wewe utakuwemo, ila umefunikwa shuka."

5. Hili ndilo linaloniuma. Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua kumi na moja. Babu husimama katikati, anafungua friji, anajifanya anatafuta maziwa. Hatafuti maziwa. Mimi namwona, ila kumwambia siwezi. Msimu wa bata unafunguliwa mwezi wa kumi na moja, na kila mwaka tunaingia wote kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Mle kwenye kibanda chetu cha kujificha, tukiwavizia bata, ndimo pekee ninamoongea, maana hatutazamani, tunatazama juu. Asipotembea yeye, mimi sijui nitaongea wapi.

Kwa hiyo naomba uandike cheti, chenye muhuri, kwamba mzee akiwekewa nyonga mpya thamani yake haishuki. Kama huwezi, ishushe bei ya bunduki hadi dola arobaini, labda atapoa. Kama hata hilo huwezi, njoo umnunue mwenyewe jinsi alivyo. Boksi hatuna.

Msalimie mkeo, na yule mama wa meza ya sita aliyenipa vimkate vya moto na mchuzi bila kuniuliza jina.

Ni mimi, niliyenyamaza,
Dewey Tackett

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilifungua kile kibati cha nyuma ya kitako, nikunakilie namba za ndani. Ndani ya mbao kuna maandishi ya babu, kwa penseli: "Kitako cha kwanza kilivunjika mtumbwini. Hiki ni mguu wa kitanda cha mama mkwe, 1963. Verna asijue." Na wewe na miwani yako hukukigundua. Nikampelekea babu. Akasoma, akakipapasa kitako, akasema, "Na miaka yote hiyo haijakosa bata." Kisha akasema, "Mpigie daktari. Alhamisi nitakuja."

Kwa hiyo barua hii ichane. Ila bibi naye ameshayasoma hayo maandishi, sasa anauliza miguu mingine mitatu iko wapi, na babu anaomba operesheni isogezwe iwe kesho.